Nia Njema na Vidonge Viwili



Ndugu zangu katika imani, tangu wiki ya mitihani kuna swali linanisumbua: je, nia njema inatosha kumwondolea mtu dhima?

Mwenzangu wa chumba alikuwa na homa na mafua, na chakula hakikupita. Kwa siku mbili, kila alipolalamika kichwa, nilimpa vidonge viwili vya parasetamoli. Sikumuuliza ameshameza nini. Kumbe naye alikuwa akinywa dawa ya mafua ambayo ndani yake mna parasetamoli ileile. Akaanza kutapika, kisha macho yakawa manjano. Alhamdulillah, aliwahishwa hospitali na akapona.

Daktari alitueleza kwamba mtu mzima mwenye afya asizidishe gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Ini hugeuza sehemu ndogo ya dawa hii kuwa sumu, kisha huizima kwa akiba yake ya kinga. Dozi ikizidi, akiba huisha na sumu hulila ini lenyewe. Asiyekula vizuri akiba yake ni ndogo zaidi. Tena siku ya kwanza mgonjwa anaweza asihisi jambo kubwa, ilhali dawa ya kuzuia sumu hiyo hufaa zaidi ikitolewa ndani ya saa 8.

Wenzangu walinifariji: "Ni qadari ya Allah." Naamini hivyo. Lakini qadari hainifutii swali la mkono wangu ulifanya nini. Mafaqihi wamefundisha kwamba anayewatibu watu bila elimu ya tiba hubeba dhamana ya madhara. Nia yangu huenda ikanisalimisha na dhambi ya kukusudia, ila isingemrudishia mwenzangu ini lake.

Je, basi tuwaache wagonjwa wetu? Hasha. Kumsaidia mgonjwa ni ibada, na ibada ina masharti yake. Hatuswali kabla ya kutia udhu, vivyo hivyo tusitoe kidonge kabla ya kuuliza, "Leo umekunywa dawa gani, na ngapi?" Tusome maandishi ya pakiti. Ikizidi, twende hospitali hata kama mgonjwa anasema yuko sawa.

Mwili wa ndugu yako ni amana. Siku atakayoiweka mikononi mwako, muulize kwanza.

Wabillahi tawfiq.