Je, Aliyewasha Moto Naye Asaidiwe?

Mlima Nyiragongo ulipotapika moto, tarehe 22 Mei 2021, watu wa Goma walikimbia usiku, na watoto wengi wakapoteana na wazazi wao. Watu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu wakawatafutia jamaa zao. Hapana aliyeuliza kosa ni la nani, maana mlima hauna kosa. Hapo huruma ni nyepesi.

Moto wa nyika sivyo ulivyo. Katika bonde la Ruzizi, kule Kamanyola, kiangazi kikikausha nyasi, mara nyingi huwashwa na mkono wa mtu. Mchungaji ataka majani mapya. Mkulima asafisha shamba. Mwindaji afukuza panya. Upepo ukigeuka, mihogo ya mjane huteketea, na pengine nyumba ya yule aliyewasha huungua pia. Je, naye asaidiwe?

Wengine husema upesi, “Mwacheni aone!” Neno hilo lafanana na haki, walakini halizimi moto. Tarehe 11 Oktoba 2020 moto ulizuka katika Mlima Kilimanjaro, nchini Tanzania. Wakuu wa hifadhi walisema mwanzoni kwamba ulianzia kwa wapagazi waliopasha chakula. Watu wapatao 500 walipanda kuuzima, wakiwemo wanafunzi wa chuo cha Mweka na wanakijiji, wakiupiga kwa matawi mabichi. Kama wangalikaa kwanza kuwashitaki wapagazi, msitu unaowapa maji ungalizidi kuungua.

Tena, mtu ajuaye kwamba atapigwa hukimbia kimya, hapigi yowe. Na pasipo yowe majirani huja wakati mapaa yameshika moto. Ukali wa kijiji, basi, huwaunguza hata wasio na kosa.

Lakini mjane je? Mashirika ya huruma yakileta blanketi, sufuria na mbegu, humpa kila aliyeunguliwa, na ndivyo ipasavyo. Walakini mihogo huchukua karibu mwaka kukomaa, na wageni huondoka mapema. Deni lililobaki si la mashirika. Ni la aliyewasha, hata kama yeye mwenyewe amepokea blanketi. Alilipe kwa mikono yake: akate nyasi za kuezeka nyumba ya mjane kabla ya yake, alime naye, apalilie naye, mpaka siku mjane atakapong'oa mihogo yake mwenyewe.