Nani Asemaye Uongo?

Mzee ashukaye kutoka vilima vya Rungwe au Kilolo kwenda hospitali huulizwa tarehe ya kuzaliwa. Huenda ajua tu kwamba alizaliwa wakati wa njaa, kabla ya uhuru wa 1961. Lakini kompyuta, ikiwa imeundwa vibaya, haisongi mbele mpaka siku, mwezi na mwaka vijazwe. Karani, akiona foleni ndefu, aandika 1 Januari. Twauliza: hapo nani amesema uongo?

Wengi watamlaumu karani. Sisi twaona kwamba kosa limetangulia, mezani pa yule aliyechora mfano wa taarifa na kuamua lipi liulizwe, lipi liwe la lazima, na jibu gani likubaliwe. Kazi hiyo si ufundi mtupu. Ni kuamua mapema ni ukweli upi utakaopewa nafasi.

Wala isisemwe kwamba hakuna njia nyingine. openEHR na FHIR, kanuni za kimataifa za kupanga taarifa za wagonjwa, huruhusu tarehe isiyo kamili. Mwaka peke yake watosha. Nayo Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 yataka taarifa ziwe sahihi.

Je, ni jambo dogo? Utafiti wa taifa wa 2022–2023 ulikuta watu wazima wenye virusi vya UKIMWI wapata 11 katika kila 100 mkoani Iringa, na karibu 10 mkoani Mbeya. Hao hutumia dawa maisha yao yote, na wengine huhama kufuata kazi, leo Mafinga, kesho Mbarali. Watu wawili wa jina moja, wote wakiandikwa 1 Januari ya mwaka mmoja, waweza kuchanganywa; dawa ya mmoja, au siri yake, ikamfikia mwenzake.

Kweli, nafasi iachwayo wazi humpa mvivu mlango wa kukwepa kuuliza. Basi programu ikubali jibu la tatu: "ameulizwa, hajui". Kukiri kutojua nako ni kusema kweli.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Waundao programu hizi yawapasa kuketi kwanza na karani na muuguzi, kabla ya kuchora kisanduku cha kwanza. Na wakuu wa hospitali wasikipokee chombo kinachomlazimisha mtumishi mwaminifu kuandika asilolijua.