DAWA SHINGONI MWA PAKA: JE, NIA NJEMA INATOSHA?



Leo tunauliza swali moja: mtu akimdhuru kiumbe huku akitaka kumsaidia, je, nia yake njema inamtoa katika lawama?

Tuchukue mfano wa paka. Anatulindia unga na panya, na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba yeye si najisi, bali ni katika wanaotuzunguka majumbani. Paka huyo akipata viroboto na kupe, mwenyewe anamhurumia na kumvalisha shingoni mkanda wenye dawa. Dawa hutoka kidogo kidogo, ikaenea katika mafuta ya ngozi na manyoya kwa miezi. Paka wengi hawapati neno. Wengine hujikuna, hunyonyoka manyoya na kutoka vidonda shingoni. Wengine hutoka mate, hutapika, hutetemeka. Hatari kubwa zaidi ni kumpa paka dawa ya mbwa. Dawa iitwayo permetrini, ambayo mbwa huistahimili, inaweza kumuua paka kwa degedege, maana ini lake halina nguvu ya kuivunja. Tena paka hujilamba mwili mzima, na kilicho juu ya manyoya huingia tumboni.

Huko Marekani mkanda mmoja, Seresto, ambao dawa zake si permetrini, ulianza kuuzwa mwaka 2012. Mwaka 2021 magazeti yalitangaza kwamba idara ya serikali ya mazingira, EPA, imepokea ripoti zaidi ya 75,000 za madhara, na ndani yake vifo vya wanyama karibu 1,700, mbwa na paka. Kampuni ikajibu kwamba ripoti si ushahidi. Mwaka 2023 idara ikamaliza uchunguzi wake, ikaruhusu mkanda uendelee kuuzwa, lakini kwa masharti, pamoja na maonyo zaidi kwenye pakiti.

Ni kweli, ripoti peke yake si ushahidi. Lakini tazameni ugumu wa kesi yenyewe: aliyedhurika ni bubu. Paka hawezi kusema, "Mkanda huu unaniunguza." Wala hawezi kuuvua. Shahidi wake ni mmoja tu, yule aliyemvalisha.

Ndugu zangu, mnakijua kisa cha mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie. Kosa lake lilikuwa kumwondolea kiumbe uwezo wa kujisaidia, kisha kumsahau. Mwenye kumvalisha paka mkanda hana nia ya mwanamke yule, lakini naye amemfunga kiumbe kitu asichoweza kukifungua. Akimsahau, njia zao zimekaribiana. Tena Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba anayetibu watu bila kuwa na elimu ya tiba anabeba dhamana ya alichoharibu. Basi jibu letu ni hili: nia njema ina malipo yake kwa Allah, lakini haiondoi wajibu wa kujua kabla na kuangalia baadaye.

Atasema mtu: "Katika inchi hii watu wanauawa, na ninyi mnahubiri paka?" Tunamjibu: mkono unaompa paka dawa ya mbwa kwa kukisia ndio unaompa mtoto mchanga nusu ya kidonge cha mtu mkubwa kwa kukisia. Naye mtoto huyo hasemi.

Kwa hiyo, soma pakiti kabla ya kununua. Ikiwa imeandikwa ni ya mbwa, usimpe paka. Usimvalishe mtoto wa paka mkanda wa wakubwa. Usikaze: vidole viwili vipite kati ya mkanda na shingo. Siku za kwanza mkague kila siku. Ukiona vidonda, mate au kutetemeka, vua mkanda mara moja, muoshe kwa sabuni laini na maji ya uvuguvugu, umpeleke kwa daktari wa wanyama.

Allah atujaalie tuwe ulimi wa wasio na ulimi, wala asitufanye sababu ya maumivu yao. Amin.

Wabillahi tawfiq.