Uliza Mafuta Kwanza

Mwanangu, daktari amekwisha kukwambia kwamba una siliaki, na kwamba ngano si chakula chako tena, leo na maisha yako yote, na kazi yako ni ya barabarani. Unatoka Kanyaruchinya alfajiri, unashuka Goma na pikipiki yako, unarudi jua likiwa limezama nyuma ya milima ya Masisi. Lazima utakula njiani. Wapo watakaokushauri ushinde na njaa mpaka urudi nyumbani. Usiwasikilize. Motari mwenye kizunguzungu ni hatari kwake na kwa mama aliyempakia nyuma na mtoto wake. Kula, ila ujue unachokula.

Anza kwa kushukuru mahali ulipozaliwa. Kinachokudhuru ni gluteni, protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai. Haimo katika mahindi, muhogo, mtama, ulezi, mchele, viazi, ndizi wala maharage. Mwenye ugonjwa huu huko Ulaya hukuta mkate umetawala meza yake tangu asubuhi. Wewe umekulia kwenye bugali na sombe. Mishikaki ya mbuzi, ndizi za kuchoma, viazi vya Masisi, sambaza za ziwani, mahindi ya moto wa makaa: hivyo vyote kwa asili yake ni vyako. Vilivyokatazwa vinajulikana kwa majina, navyo ni mkate, mandazi, chapati, sambusa, keki, tambi na biskuti. Bia inayotengenezwa kwa shayiri nayo iache. Orodha hiyo hata mdogo wako anaweza kuikariri kwa siku moja.

Hatari kubwa iko kwenye karai.

Mtazame mama anayepika kando ya barabara ya Rutshuru. Alfajiri anakaanga mandazi, kwa sababu wanafunzi na wafanyakazi wanapita na chai. Saa nne mandazi yamekwisha, anatia viazi katika mafuta yaleyale. Mchana ni zamu ya sambaza. Hana kosa, mafuta ni ghali na anatafuta karo ya watoto. Lakini makombo ya ngano yamebaki mle, na moto hauyaondolei madhara. Moto huua vijidudu, gluteni si kijidudu. Kiazi kitatoka kizuri, cha dhahabu, nacho kimebeba ngano usiyoiona.

Utasema makombo ni kitu kidogo. Sikiliza hesabu. Kwa kipimo cha Codex, yaani kanuni za kimataifa za vyakula, chakula kinachouzwa kwa jina la kisicho na gluteni hakiruhusiwi kuzidi miligramu 20 katika kilo moja. Watafiti wameona kwamba hata miligramu 50 kwa siku, zikiliwa mfululizo kwa miezi, zinauharibu utumbo wa mgonjwa. Kipande kimoja cha mkate kina gluteni ya gramu mbili hivi, yaani miligramu 2,000. Kwa hiyo kombo dogo la mkate linatosha kukufikisha kwenye kiasi hicho. Na utumbo unaweza kuumia bila tumbo kukuuma siku hiyo, ndiyo maana usijipime kwa maumivu tu.

Basi ukifika, salimia, kisha uliza mafuta kabla ya kuuliza bei. "Mama, mafuta haya leo yamekaanga mandazi?" Akisema ndiyo, mshukuru, nenda kwenye makaa. Makaa ni rafiki yako kuliko karai, lakini hapo pia yapo ya kuuliza. Kwa mchoma mishikaki uliza nyama imelazwa katika nini, maana kuna anayetia mchuzi wa soya, na mchuzi huo mara nyingi hutengenezwa kwa ngano. Uliza kama kuna kiungo cha paketi au mchemraba, kisha soma karatasi yake mwenyewe. Wenye viwanda hubadilisha viungo bila kukuaga. Kwa wa mayai, angalia kama anatumia chuma kilekile cha chapati. Kwa wa sambaza, uliza kama amezipakaza unga, na unga gani. Mipira ya nyama na soseji ziache kabisa, kwa kuwa mara nyingi hushikizwa kwa mkate au unga. Mchuzi mzito mno wa hotelini, uliza umeongezwa uzito kwa kitu gani.

Ninajua kinachokufunga mdomo ni haya. Kwetu anayehoji chakula huonekana ana kiburi, au mbaya zaidi, anamshuku mpishi kuwa ametia sumu. Kwa maneno hayo majirani wamegombana miaka mingi. Kwa hiyo tangulia kujieleza: "Mama, ni tumbo langu, daktari amenikataza ngano." Usianze na jina la ugonjwa, siliaki, ambalo wengi hawajawahi kulisikia na wengine watalicheka. Sema ngano, sema farini, wataelewa. Chagua wapishi wawili au watatu, uwe mteja wao wa kila siku. Mama akikuzoea atakutengea viazi kabla ya mandazi, na siku akibadilisha mafuta atakwambia mwenyewe.

Atakayekwambia haya ni maradhi ya wazungu matajiri, mweleze habari mbili. Uholanzi, katika majira ya njaa ya 1944 na 1945, vita vilipokata mikate, daktari wa watoto Willem Karel Dicke aliona watoto waliokuwa wakinyauka kwa ugonjwa huu wakipata nafuu wakati wenzao wakidhoofika kwa njaa. Mkate uliporudi, ugonjwa ukarudi. Alikuwa ameushuku mkate tangu kabla ya vita, na mwaka 1950 akaandika tasnifu yake juu ya jambo hilo. Habari ya pili ni ya Waafrika wenzetu, Wasahrawi. Watoto wao walipopimwa, na majibu kuchapishwa mwaka 1999, zaidi ya watoto 5 katika kila 100 walikuwa na siliaki. Hao ni watu wa jangwani walioishi miaka mingi katika kambi za wakimbizi karibu na Tindouf, Algeria, na unga wa ngano ulikuwa chakula chao kikuu.

Hapo ndipo moyo wangu unapouma ninapokumbuka Kanyaruchinya yetu mwishoni mwa 2022, watu wa Rutshuru waliokimbia vita walipolala juu ya mawe ya volkeno chini ya maturubai. Mkimbizi hachagui. Ikitokea tena, Mungu apishe mbali, kumbuka kwamba biskuti za nguvu zinazogawiwa siku za kwanza kwa kawaida ni za ngano, na unga wa uji wa msaada huwa wa mahindi na soya au wa ngano na soya. Soma gunia. Mwambie mgawaji kabla ya foleni kufika kwako, kwa sababu mbele ya watu mia waliochoka hakuna atakayekusikiliza.

Jambo jingine, wenzako wakikuona umepata nafuu wataanza kuiga. Wazuie. Mwishoni mwa 2022 kipindupindu kiliingia katika kambi ya hapa, na amiba na taifodi hazijawahi kutuacha. Anayeharisha kwetu aende kituo cha afya, asikimbilie kuacha chapati. Tena anayeshuku ana siliaki asiache ngano kabla ya kupimwa, kwa sababu kipimo cha damu husoma vita ambavyo mwili unapigana na ngano. Ukiiondoa mapema, majibu huweza kudanganya.

Mfukoni beba akiba: muhogo wa kuchemsha, karanga, yai, parachichi, kipande cha jibini ya Masisi. Uji wa masoso unakufaa ukiwa ni mahindi, soya na mtama peke yake, lakini uliza mashine ya kusagia imesaga nini kabla ya gunia hilo. Ngano ikitangulia, unga huo ni wa mwingine.

Na kwenye matanga au harusi, usingoje sinia. Nenda jikoni mapema, wasalimie kina mama, waombe wakupakulie bugali na maharage kabla kijiko hakijapita kwenye tambi. Wengi watakupakulia kwa upendo, na mmoja atakuuliza maswali mengi. Mjibu yote. Huenda ana mtoto nyumbani asiyenenepa, na hajui ampeleke wapi.