Kukataza Mabaya na Kumhifadhia Mtu Heshima Yake

Kuamrisha mema na kukataza mabaya ni wajibu uliotajwa katika Kurani mara kadhaa, nao una ugumu wa pande mbili: anayenyamaza huiacha dhuluma iendelee, na anayekemea ovyo huweza kudhulumu yeye mwenyewe.

Hadithi inayotegemewa sana katika jambo hili imo katika Sahihi Muslim. Marwan, aliyekuwa gavana wa Madina, alipoitanguliza hotuba ya Idi kabla ya sala, mtu mmoja alisimama akamkumbusha kuwa sala ndiyo hutangulia. Marwan akamjibu kwamba utaratibu huo umekwisha kuachwa. Hapo sahaba Abu Said al-Khudri akasema mtu yule ametimiza wajibu wake, kisha akasimulia aliyoyasikia kwa Mtume (S.A.W.): aonaye ovu aliondoe kwa mkono, asipoweza, kwa ulimi, asipoweza, kwa moyo, na huo ndio udhaifu wa mwisho wa imani. Riwaya hiyo haikumtaja msemaji kwa jina, wala Marwan hakukubali neno lake. Hata hivyo msemaji huyo alihesabiwa kuwa amefanya lililompasa. Kusikilizwa, basi, si sharti la kusema.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliutengea wajibu huu kitabu kizima ndani ya Ihya Ulum al-Din. Aliikataa hoja kwamba mkosaji hana haki ya kumkanya mwenzake, kwani kama usafi kamili ungekuwa sharti, asingepatikana hata mmoja wa kukanya. Hoja hiyo ina uzito hadi leo, maana wengi hunyamaza kwa kuogopa kukumbushwa makosa yao.

Ghazali alizipanga hatua kwa ngazi: kumjulisha mtu kosa lake, kumpa mawaidha, kumkaripia, na mwishowe kutumia nguvu. Aliieleza kwa uangalifu ile ya kwanza, ambayo wengi huiona nyepesi. Kumwambia mtu kuwa hajui kunauma, naye hukasirika kuliko anavyokasirika kwa aibu nyingine nyingi. Kwa hiyo mkanyaji aanze kwa kukiri kwamba hakuna aliyezaliwa na elimu, na kwamba hata yeye alifundishwa. Anayeukimbia ubaya wa kunyamaza kisha akamuumiza mwenzake bila haja, asema Ghazali, ni kama aliyeosha damu kwa mkojo.

Wajibu huu nao una mpaka kwenye siri za watu. Inasimuliwa kwamba Khalifa Umar alipanda ukuta wa nyumba akamkuta mwenyeji katika uovu. Alipomkemea, mtu yule alikiri kosa moja, akamhesabia khalifa matatu: amepeleleza, hakupita mlangoni, na ameingia bila hodi wala salamu. Umar akamwacha kwa sharti la kutubu. Inafaa kutazama ushujaa wa pande zote mbili hapa, wa mwenyeji aliyemjibu mtawala na wa mtawala aliyekubali kurekebishwa.

Mbele ya sultani dhalimu, asema Ghazali, raia ana nafasi ya kujulisha na kutoa mawaidha tu. Nguvu si yake, kwani huleta fitina. Maneno makali yanaruhusiwa, hata kusifiwa, iwapo hatari itamwangukia msemaji peke yake. Ikiwa majirani na jamaa ndio watakaoadhibiwa, ayaache, kwa kuwa anaweza kuitoa haki yake lakini si haki yao.

Kwa mzazi, mtoto ana nafasi ya kujulisha na kunasihi kwa upole. Hana ruhusa ya kumtukana, kumtisha wala kumpiga. Lakini upole huo haumfungi mikono kabisa. Akikuta nyumbani mali iliyochukuliwa kwa dhuluma, Ghazali anamruhusu airudishe kwa wenyewe, hata kama baba atakasirika.