Mshono wa Ngamani

Mpwa wangu alinikuta barazani baada ya sala ya alasiri, nina vibao viwili magotini na sindano mkononi. Akatazama kwa muda, kisha akasema: "Mjomba, si utie gundi tu? Huko ngamani nani ataona?"

Siku ile sikumjibu. Mimi ni mwalimu mstaafu, nakaa Lamu, na mwaka wa sita huu jioni zangu zinaishia katika kuunda mitepe midogo. Huu nilio nao sasa una urefu wa sentimita 70. Matundu natoboa kwa keekee niliyoiunda kwa ujiti wa mwavuli, na uzi nausokota pajani kwa makumbi yaliyofukiwa miezi kadhaa kwenye tope la pwani.

Mtepe wa kweli, chombo cha Wabajuni kilichokuwa kikibeba boriti hadi Unguja, haukupigwa misumari. Mbao zake zilishonwa kwa kamba, na tanga lake lilikuwa la mkeka. Ulinyumbuka pamoja na mawimbi, ukavuja sana, na mabaharia wakafua maji safari nzima. Karne ya 20 haikwenda mbali ukatoweka. Mwaka 2003 uliundwa mmoja wa ukubwa kamili, ukawekwa Beit al-Ajaib, Unguja. Sehemu ya jengo hilo nayo ikaporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Tunaujua mtepe zaidi kwa picha za zamani na kwa vielelezo vidogo vya makumbusho.

Swali la kijana yule limenikalia moyoni. Katika chombo cha safari, mshono wa ngamani umebeba roho za watu. Huu wangu hautaingia majini. Sakafu ya fito ikishalazwa na kibanda cha makuti kikasimama juu yake, ngama haionekani tena. Basi ni nini kinachonilazimu kushona?

Na nyuma yake liko lililo zito zaidi. Nitaulizwa umri wangu niliumaliza katika nini. Kuunda mfano wa chombo hakunitii shaka, maana chombo hakina roho. Ninachokiogopa ni laghwi: kwamba huenda saa hizi zote ni mchezo wa mzee aliyekosa kazi.

Huwa namkumbuka Nabii Nuhu. Qurani, katika Suratul Qamar, inaitaja safina yake kuwa ya mbao na *dusur*. Wafasiri wengi wamesema hiyo ni misumari. Wamo waliosema ni nyuzi za kufungia mbao. Moyo wangu, bila shaka, unapenda kauli ya pili, lakini sitaijengea hoja. Kinachonigusa ni kwamba aliunda huku watu wakipita na kumcheka, na kila kibao kikipigwa mbele ya macho ya Mola wake. Hata hivyo, Nuhu aliamrishwa, na safina yake iliokoa viumbe. Mimi sikuamrishwa na yeyote.

Jibu nililolifikia ni hili. Kielelezo ni ushahidi. Anayeweka mtepe mdogo mbele ya watu anasema: hivi ndivyo wazee walivyounda. Akitia gundi chini ya sakafu, ameshuhudia uongo, hata kama hakufumbua kinywa. Na ikiwa hapatatokea mtu wa kuifungua ile sakafu mpaka Kiyama? Ihsani tulifundishwa chuoni tukiwa wadogo: umwabudu Mungu kana kwamba unamwona, na usipomwona, Yeye anakuona. Sioni ni wapi tuliambiwa kwamba hilo linakoma nje ya mlango wa msikiti, au kwamba lina kipimo cha sentimita. Kazi ndogo isiyo na mnunuzi wala abiria ndiyo inayonionyesha kama nilikielewa kile nilichofundishwa, kwa kuwa hapo sina woga wa mtu.

Nasema haya nikiwa na deni. Mtepe wangu wa kwanza niliutia gundi, nikachora mishono kwa kalamu, nikautoa zawadi katika harusi ya binti wa dada yangu. Kila Idi nilikuwa nauona juu ya kabati lao, ukisifiwa na wageni, nami nikinyamaza.

Mwezi uliopita nilikwenda kwao, nikawaeleza, nikauomba. Nimeutenganisha wote, na sasa naushona upya. Upande wa kushoto umebaki safu mbili, na mpwa wangu ndiye anayenishikia mbao.