Vumbi Linalomfuata Baba Nyumbani



Ndugu zangu Waislamu wa Bariadi, Ijumaa hii nasema na wanaotoka kutafuta: fundi betri, mwenye karasha, mnunuzi wa vyuma chakavu, mvuvi wa kule Lamadi anayejiyeyushia chubwi zake. Rizki yenu ni halali, hilo sina neno nalo. Neno langu liko kwenye nguo mnazorudi nazo.

Madini ya risasi yamo ndani ya betri nyingi za magari na za sola, kwenye chubwi za kuyeyusha, kwenye baadhi ya rangi za zamani, kwenye baadhi ya sufuria zilizosubiwa kwa vyuma chakavu, na kwenye baadhi ya mawe ya dhahabu. Mtoto mdogo akiyameza, mwili wake huyanyonya mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima. Yakishaingia hujificha mifupani miaka kwa miaka, hata binti akaja kumrithisha mwanawe tumboni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama.

Mtazameni fundi anavyofungua betri mbovu uani. Anapasua kasha kwa nyundo, anamwaga maji ya betri chini, anachomoa plati za kijivu zinazopukutika unga, anajipangusa mikono kwenye suruali. Jioni mwanawe anayetambaa anaishika suruali ile ile ajiinue, kisha vidole kinywani.

Majirani zetu yamewafika. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilikuwa ubavuni mwa makazi ya watu hadi kilipofungwa mwaka 2014. Phyllis Omido aliajiriwa pale akiwa na mtoto anayenyonya. Mtoto akaugua, vipimo vikaonyesha risasi damuni. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Ubongo wa mtoto haununuliki kwa hizo.

Nanyi wachimbaji, sikieni habari ya Waislamu wenzetu wa Zamfara, Nigeria. Mwaka 2010 watoto zaidi ya 400 walikufa kule, kwa kuwa mawe ya dhahabu yenye risasi yalikuwa yakisagwa na kuanikwa majumbani. Watoto wakishikwa na degedege, watu wakidhani malaria. Mgodi wetu wa Ng'alita ulipoporomoka Januari 2024 ukaua watu 22, nchi nzima ilisikia. Mtoto anayepumbaa darasani kwa sababu ya vumbi, nani atamsikia? Na sisi huku Usukumani, degedege ikishika, wangapi huanzia kwa mganga? Mpelekeni mtoto hospitali, na mumweleze daktari baba anafanya kazi gani. Asipoambiwa hatakisia kuwa ni risasi.

Akina mama, na wanja. Wapo wanaompaka kichanga eti kumkinga na kijicho. Mtume (S.A.W.) aliisifu ithmidi, na wanazuoni wengi wanaieleza kuwa ni jiwe la antimoni. Baadhi ya wanja wa madukani leo umesagwa kwa galena, ambayo ni jiwe la risasi. Anayetaka kufuata Sunna asiifuate kwenye kichupa asichojua kina nini. Kinga ya kijicho tumeshafundishwa, nayo ni dua.

Nguo za kazi zivuliwe nje ya mlango na zifuliwe peke yake. Sisi tunaotawadha mara tano kwa siku hatushindwi kuongeza sabuni kabla ya kumpakata mtoto. Sakafu ipigwe deki kwa tambara bichi, maana ufagio mkavu hurusha vumbi likatua kwenye chakula. Mchuzi wa nyanya au uji wa ukwaju usilazwe kwenye sufuria za kusubu. Uchachu huitoa risasi kwenye chuma. Mtoto apewe maziwa, dagaa, mchicha: mwenye chuma na kalisi ya kutosha mwilini huinyonya risasi kidogo. Mawe yaishie kwenye karasha, na marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyosagwa, yasiletwe nyumbani kusawazishia ua.

Na mwenye betri ya sola iliyokufa uvunguni mwa kitanda, aitoe leo, akaiuze nzima. Mnunuzi akiomba aipasulie uani kwako apunguze mzigo, mwambie hapana, hata akikuongezea bei.